Kiti cha Mtumiaji

Wadogo zangu,

Mmeniandikia kwamba mmoja wenu atakalia kiti changu, na mnataka nimweleze kazi. Nitaeleza, lakini msitegemee niwapambie. Nimestaafu kazi hii nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mkiona ni mapema mno, jueni kwamba kazi hii haimzeeshi mtu kwa miaka, inamzeesha kwa vikao.

Kueleza kazi yenyewe ni rahisi. Serikali ikitaka kuandika kanuni za sigara za kielektroniki, inawaita watu mezani. Wanakuja madaktari, wanasheria, watu wa forodha na waagizaji wa bidhaa. Halafu mtu fulani anakumbuka kwamba vitu hivi vina watu wanaovivuta, na kiti kimoja kinaongezwa karibu na mlango. Hicho ndicho kiti cha mtumiaji. Nilikikalia mwanzoni mwa muongo huu, wakati hapa Stockholm hakuna aliyekuwa na uhakika kama kitu tulichokishika mkononi ni tumbaku, ni dawa, au ni mchezo wa watoto. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Tofauti yangu na wengine mezani ni kwamba mimi nilisema sijui, na kusema sijui kulinipunguzia heshima kila mara.

Niliponzwa na mdomo wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimeacha sigara za kawaida nilizozianza wakati wa mitihani, na navuta ile ya betri, kama tunavyoiita huku Fittja, mtaani kwetu. Mwanamke wa Kirundi anayetoa mvuke puani kituoni si jambo la kuwafurahisha mama zetu, lakini hilo ni jingine. Siku moja nikaenda kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha watumiaji, katika chumba cha kukodi huko Upplands Väsby. Wanachama karibu wote walikuwa wanaume wa Kiswidi wenye ndevu, madereva wa malori na mafundi wa kompyuta, watu wanaoweza kubishana tangu chai hadi chakula cha mchana juu ya unene wa waya wa kupashia moto. Nikauliza nani anapima kiasi cha nikotini kwenye zile chupa. Nikauliza kwa nini chupa mbili zenye maandishi yaleyale zinanikaba koo tofauti. Nikauliza kwa nini viongozi wetu wanamsifu mwagizaji yuleyule kila mwezi kwenye jukwaa letu la mtandaoni. Mwenyekiti akasema mtu anayeuliza hivi ndiye anayefaa kutuwakilisha. Wote wakapiga makofi, nadhani kwa furaha ya kupata mahali pa kunipeleka.

Kikao changu cha kwanza nilitoa kifaa changu mkobani nikakiweka mezani. Nilifikiri ni jambo la kawaida, maana tulikuwa tunakijadili. Bwana aliyekaa kulia kwangu akasogeza kiti chake kama vile nimetoa nyoka. Baadaye akazungumza kwa kirefu juu ya hatari ya kuizoesha jamii nikotini, na wakati wote huo mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja, maana alikuwa ameweka kifuko cha snus, ile tumbaku ya kubana mdomoni ambayo Waswidi wanaitetea mbele ya Ulaya nzima kama bendera yao. Nikamwuliza snus yake ina nikotini kiasi gani. Akasema hilo halimo kwenye ajenda. Kweli halikuwemo. Nililitafuta.

Aliyenifundisha kazi ni Kerstin, mama wa Kiswidi ambaye maisha yake yote alikaa kwenye dirisha la ushauri wa wateja la manispaa, akisikiliza watu waliouziwa mashine za kufulia mbovu. Hakuwahi kuvuta kitu chochote. Alijiunga na chama chetu kwa sababu, alisema, hajawahi kuona watu wazima wanaosemewa na kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Alinifundisha vitu vidogo ambavyo chuo hakikunifundisha. Kaa karibu na anayeandika muhtasari, usikae karibu na mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti anasahau na muhtasari unabaki. Kanuni huandikwa kwa kifaa alichonacho mwandishi, kwa hiyo nenda na kile kilichomo mifukoni mwa watu. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Kwenye picha za kamati sigara ya betri ilikuwa bado kile kijiti cheupe chenye taa nyekundu kwenye ncha, na kumbe Fittja hakuna aliyekuwa nacho tena. Watu walikuwa wamehamia kwenye vifaa vya tanki, unajaza maji ya nikotini mwenyewe kutoka kwenye chupa. Walikuwa wanaandika sheria ya kitu kilichokwisha kutupwa.

Kerstin pia aliniambia kwamba nikitaka kujua ukweli wa mtu, nisimwulize anaamini nini, nimwulize Jumanne iliyopita alifanya nini. Nililipenda neno hilo. Nikaanza kulitumia kwa kila mtu, hata kwa Kerstin, mpaka akaniambia inatosha.

Na kuhusu waagizaji: watawapenda. Msije mkasema sikuwaambia. Mmoja, nimwite Niklas, alituita sisi watumiaji "familia". Alitaka kunipeleka Brussels, kwa wakubwa wa Umoja wa Ulaya, kwa ndege na hoteli, nikaseme kwa moyo wangu. Nikamwuliza, moyo wangu ukisema chupa zenu zinavuja na zinadanganya kuhusu kiasi, tiketi ya kurudi bado ipo? Akacheka, na safari haikutajwa tena. Lakini mwandike hili pia: Niklas ndiye peke yake mezani aliyewahi kusoma nilichoandika mpaka mwisho. Madaktari, ambao nilitaka sana wanisome, waliniona mimi ni Niklas aliyevaa sketi. Mtumiaji akisema jambo ambalo muuzaji naye amelisema, basi amenunuliwa. Asiposema, hana hoja. Mkipata njia ya kutoka kwenye mtego huo, niandikieni.

Sasa niwaeleze habari ya Papa Evariste, maana najua mmesikia nusu yake, na nusu hiyo inasimuliwa kama kichekesho.

Papa Evariste alikuwa jirani yetu, ghorofa ya pili, Mkongo wa Uvira. Kazi yake ilikuwa kuosha mabasi. Alikuwa amevuta sigara tangu ujana, katika vita na katika kambi na katika majira ya baridi ya huku, na daktari wa kituo cha afya alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mapafu yake hayataibeba sigara tena. Ama aache, ama ajiandae kutembea na chupa ya hewa. Alijaribu vibandiko vya nikotini, alijaribu zile pipi za kutafuna. Mwisho binti yake alimnunulia sigara ya betri, na mimi nikamwonyesha kuijaza maji yenye harufu ya nanasi. Ikamkubali. Kikohozi kile tulichokuwa tunakisikia kupitia dari kikapungua, halafu kikaisha. Mama yangu alisema nyumba imekuwa kimya mpaka anashindwa kulala.

Lakini Papa Evariste alikuwa mwimbaji wa besi katika kanisa letu la Kikongo na Kirundi, linalokodi ukumbi kule Spånga Jumapili mchana, Waswidi wakishatoka. Katika kanisa lile mvutaji haimbi kwaya. Kwa miaka mingi alivuta kwa kujificha nyuma ya mapipa ya taka, akitafuna karafuu. Alipopona, alifanya kile ambacho kila mtu wa kanisa letu hufanya akipona. Alisimama akatoa ushuhuda. Alisimulia jinsi moshi ulivyomfunga kamba, jinsi alivyolia, jinsi Bwana alivyoikata kamba ile. Kanisa liliitika amina mpaka vioo vikatetemeka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama yangu, mikono nimeikunja, kama ninavyokaa kanisani.

Kwenye treni ya kurudi nilimwuliza Papa Evariste kwa nini hakuitaja ile ya betri hata kwa neno moja.

"Hii?" akagusa mfuko wa koti. "Mama, nani aliumba Muchina?"

"Mungu."

"Muchina akatengeneza hii kwa akili ya nani?"

"Ya Mungu, tuseme."

"Sasa mi nimesema uongo wapi?"

Kwa mantiki alikuwa amenishinda, na nilikuwa na shahada. Ila niliona kwamba sasa ameficha kitu kipya mahali palepale alipokuwa akificha cha zamani.

Mambo yaliharibika pale mamlaka ya dawa iliposema kwamba maji yenye nikotini ni dawa, na dawa isiyo na kibali haiuzwi dukani. Duka dogo la Fittja lililokuwa linamuuzia Papa Evariste likaanza kuuza kwa chini ya meza, halafu mwenye duka akasema anaogopa, akimaliza alizonazo basi. Kamati ilikuwa bado inaandaa mapendekezo yake, na kabla ya kuyaandika ingekaa siku moja kusikiliza maoni. Papa Evariste akashuka kwetu.

"Weye unakwenda kule kwa serikali," akasema. "Waambie."

Nikamwambia nimeshawaambia, wamenichoka. Wakitaka kusikia, wamsikie mtu ambaye daktari alimpa onyo, na sasa anapanda ngazi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika barua nyingi nikidai hilo, kwamba watumiaji wasikike kwa vinywa vyao. Alikaa akifikiri, akizungusha kikombe cha chai. Kisha akauliza kama kule kuna watu wetu. Kabla sijajibu, akajijibu mwenyewe kwamba kule ni Wazungu watupu, na Wazungu hawawezi kumpeleka mtu kwa mchungaji. Akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: hatazungumza Kiswidi. Kiswidi chake kilikuwa kinatosha kabisa, lakini alisema ile ni lugha ya kununulia mkate na kusikia watoto wanavyokujibu jeuri. Mbele ya serikali mtu mzima anasema lugha aliyozaliwa nayo, na serikali ilete mtu wa kutafsiri. Nikaona ana haki. Kamati ikakubali kuleta mkalimani. Ofisi za ukalimani hazikuambii atakayekuja ni nani. Anakuja tu.

Kiswahili ni lugha ya mamilioni ya watu. Wakalimani wake wenye kibali katika jiji hili wangetosha kwenye meza moja ya harusi.

Siku ya kusikiliza maoni tuliwahi. Papa Evariste alivaa suti ya ubatizo na tai. Chumba kilikuwa cheupe, kina majagi ya maji na mikate ya mdalasini, na mwenyekiti alikuwa mama mpole wa Kiswidi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akaja kutusalimu kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia nilipokuwa peke yangu. Papa Evariste alikuwa mchangamfu. Alinionyesha kwa jicho bwana wa snus, akaninong'oneza kwamba yule ana jino bovu. Nikamwambia siyo jino. Tukacheka.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Furaha, mke wa mchungaji wetu.

Nilijua anafanya kazi hospitalini. Sikujua kazi yenyewe ni ukalimani, na Papa Evariste hakujua pia, kwa sababu Mama Furaha hakuwa mtu wa kueleza kazi yake. Alivua koti, akatikisa theluji, akatuona. Hakusema Bwana asifiwe. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu asiyetufahamu, akakaa kwenye kiti chake nyuma kidogo ya Papa Evariste. Baadaye nimeelewa kwamba alifanya vile kwa heshima ya kazi, kwamba mkalimani akiwa kazini hana jamaa wala kanisa. Lakini pale ilionekana kama hukumu.

Papa Evariste alinigeukia. Mkono wake ulikuwa umeshika mfuko wa koti.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Ndiye mkalimani, Papa. Tunaweza kuomba mwingine. Ni haki yako, nitawaambia sasa hivi."

"Nimukatae mke wa muchungaji mbele ya Wazungu?"

"Hawatauliza kwa nini."

"Yeye atajua kwa nini," akasema, akaitengeneza tai.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti akamkaribisha aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, aliachaje sigara. Papa Evariste alisimama. Katika vikao vya Kiswidi hakuna anayesimama, hata jengo likiungua wanaomba kwanza nafasi ya kusema wakiwa wamekaa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatazama ukuta juu ya vichwa vyao.

"Bwana asifiwe," akasema.

Mama Furaha akatafsiri. Mkalimani wa kweli hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi", na sauti yake haipandi wala haishuki. Kwa Kiswidi safi, kwa sauti ya tangazo la treni, akawaambia wajumbe wa kamati kwamba Bwana asifiwe. Mwandishi wa muhtasari aliinua kichwa.

Ulikuwa ushuhuda uleule wa Spånga, neno kwa neno. Moshi ulimfunga kamba. Alilia. Bwana akaikata. Mimi nilikuwa nasikia mara mbili, kwanza kwa Kiswahili cha Uvira kinachotetemeka, halafu kwa Kiswidi kikavu kisicho na chozi, na kwa Kiswidi kilisikika kama maelezo ya mgonjwa. Madaktari waliandika kitu. Wengine waliacha kuandika. Bwana wa snus alitazama mikono yake. Nilikuwa nasubiri afike kwenye kifaa, kwamba labda atakipitisha kwa mlango wa nyuma kupitia kwa Mchina na akili ya Mungu. Hata hilo lingetosha. Hakufika.

Mwenyekiti alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama ameelewa sawa: je, hicho kifaa hakikuwa ndicho kilichomsaidia?

Mama Furaha akalitafsiri swali. Papa Evariste alimgeukia yeye, hakumgeukia mwenyekiti. Walitazamana. Sijui aliona nini usoni mwake. Mimi niliona uso wa mtu anayesubiri sentensi.

"Mutu anaokolewa na Mungu," akasema. "Haokolewi na betri."

Nikainua mkono. Nilitaka kumwuliza Jumanne alifanya nini. Nilitaka kumwuliza chupa ya mwisho aliinunua lini na kwa nani. Mwenyekiti akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mimi mwenyewe katika barua zangu nilikuwa nimeomba watumiaji wajisemee, nao wanashukuru kwamba leo wamepata nafasi ya kumsikia mmoja moja kwa moja. Haitakuwa sawa sasa mwakilishi amsahihishe anayemwakilisha. Wadogo zangu, nimelitafakari jibu lile kwa pande zote na bado sijalipata kosa.

Wakati wa kahawa Niklas alinijia akiwa na mkate mkononi. Akasema mara nyingine nichague mvutaji ambaye hajaokoka.

Mama Furaha nilimkuta kwenye korido akivaa glavu. Papa Evariste alikuwa ameshateremka kuningoja nje. Nilikuwa na hasira, nikamwambia angeweza kukataa kazi ile alipotuona. Akaniambia hakujua ni nani mpaka alipoingia, na kuondoka wakati ule kungekuwa kumtangazia kila mtu kwamba wanajuana na kuna jambo.

"Ana hofu na wewe, Mama," nikamwambia. "Angesema ukweli kama ungekuwa mtu mwingine."

"Mimi nina kiapo, Espe. Pale sikuwa mke wa mtu. Angesema ameua, lisingetoka mdomoni mwangu, hata kitandani kwangu."

"Yeye hajui habari ya kiapo."

"Basi hiyo ndiyo shida." Akavuta glavu ya pili. "Na sijui alikuwa ananificha nini. Papa Evariste ananukia nanasi kila Jumapili. Mtu wa besi, ananukia nanasi. Unafikiri hatuna pua?"

"Mchungaji anajua?"

"Kanisa zima linajua. Tulisema, kwa kuwa ameacha sigara, tumwache na Mungu wake."

Nilibaki nimesimama pale baada ya yeye kuondoka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jinsi serikali isivyowasikia watu. Sikumbuki kitabu kilichonitayarisha kwa watu wanaojuana kiasi kile na bado wanaogopana kiasi kile.

Muhtasari ulipokuja, Papa Evariste alikuwa mstari mmoja: shahidi wa upande wa watumiaji alieleza kwamba kuacha kwake sigara kulitokana na imani yake binafsi. Hakuna kosa hata herufi moja. Mapendekezo nayo yakaja jinsi tulivyoogopa: maji ya nikotini yabaki dawa, madukani yasiuzwe. Mkiniuliza kama maneno ya Papa Evariste ndiyo yaliyotuangusha, sidhani. Nadhani waliamua zamani. Wakati mwingine natamani iwe ni yeye, maana ingekuwa na maana kwamba kweli kuna siku moja walimsikiliza mtu.

Wale wenye ndevu wa chamani hawakupata shida. Waliagiza nje kwa mtandao, wakachanganya wenyewe majikoni kwao kwa sindano na mizani, wakapeana maelekezo kwenye jukwaa. Hilo mlijue vizuri kabla ya kukalia kiti: mtumiaji aliyeonekana kwenye vikao ni yule mwenye kompyuta na ubishi. Kanuni ikibana, yeye anapata mwanya. Anayeosha mabasi hapati.

Mimi nilitaka Papa Evariste aupate mwanya. Nilimwagizia chupa tatu kwa jina langu, nikampelekea. Alinikaribisha, akanipa chai, akaziangalia zile chupa bila kuzigusa.

"Rudisha, mama."

"Papa, mapafu."

"Nimesema mbele ya mke wa muchungaji kwamba siyo betri. Nikivuta hii tena, nitakuwa mutu gani?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kuhusu nanasi, kuhusu pua, kwamba mchungaji anajua na kwaya inajua, na kwamba walikuwa wanajua hata siku ile ya ushuhuda. Nilidhani namfungua. Nilidhani atacheka, kwa sababu ni mtu wa kucheka.

Alizisogeza zile chupa upande wangu wa meza.

"Walijua," akasema, "na waliitika amina?"

Nikazirudisha chupa mkobani.

Kwa muda alikaa bila kitu chochote, si sigara, si betri. Alitaka kuufanya ushuhuda wake uwe kweli. Binti yake alisema anatembea chumbani, anagombana na redio. Kwaya aliiacha, akasema ana kazi Jumapili. Walimwombea kanisani kwa jina, kwa ajili ya udhaifu wa imani, na mama yangu aliitika amina, nami nikainuka nikatoka nje, nikasimama kwenye baridi na kifaa changu mfukoni bila kukivuta. Sijarudi kule. Barua ya kujiuzulu chamani niliiandika wiki hiyohiyo. Mliisoma: nilisema nimepata shughuli nyingine. Watu wakiacha kiti hiki huandika hivyo.

Kikohozi kilirudi mwezi wa Machi. Mama yangu ndiye aliyekisikia kwanza, kupitia dari, akanitazama.

Mara ya mwisho kuonana na Papa Evariste ilikuwa kwenye kituo cha mabasi cha Fittja, mchana kweupe, watu wanapita. Alikuwa ameketi kwenye benchi na sare yake ya kazi, anavuta sigara ya kawaida, pakiti imewekwa wazi juu ya goti. Hakuna karafuu, hakuna pipa la taka. Aliniona naitazama ile pakiti. Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu, akanisogezea nafasi nikae.

"Usiniangalie hivyo, mama," akasema. "Hii wameruhusu."